Anatoli, Mfuatilia Miito

Anatoli Ndikuriyo alizaliwa upande wa Mugoma, mtoto wa pekee wa kiume wa mama Deodata, na kwa miaka mingi hakuna mtu kijijini kwetu aliyejua kwa hakika anafanya kazi gani. Mama yake akiulizwa baada ya misa alijibu kwamba mwanawe anachunga mashine Dar es Salaam. Baadhi yetu tulielewa ni mashine ya kusaga, wengine wakaelewa cherehani. Mzee mmoja alimtumia salamu akiomba awekewe pumba kwa ajili ya kuku wake.

Ukweli ni kwamba Anatoli alifanya kazi kwenye kompyuta ya shirika moja. Wakati huo kompyuta ilijaza chumba kizima, na chumba chenyewe kilipulizwa upepo wa baridi usiku na mchana, hata wafanyakazi wake wakavaa sweta katika jiji ambako wengine wote walitembea na leso ya kufutia jasho. Anatoli alikuwa ameingia humo kwa sababu ya hesabu. Seminarini walimu walimpenda kwa hesabu na walimchoka kwa maswali, na alipotangaza kwamba hana wito wa upadre hakuna aliyemshika mkono kumzuia.

Ndani ya kompyuta ile zilifanya kazi programu nyingi, moja ya mishahara, nyingine ya maghala, nyingine ya ankara za wateja. Hakuna hata moja iliyoruhusiwa kugusa kanda za kumbukumbu, wala mashine ya kuchapa, wala saa. Vitu hivyo vyote vilikuwa mikononi mwa programu moja kuu ambayo mafundi waliiita kiini. Programu yoyote iliyotaka kitu ilipaswa kusimama, kukiita kiini, kueleza shida yake na kungoja. Kazi ikichelewa, wakubwa walisema kompyuta imezeeka. Anatoli ndiye aliyetumwa kuona kama ni kweli, na alifanya hivyo kwa kufuatilia miito: nani ameita, ametaka nini, amengojeshwa muda gani.

Katika kufuatilia huko aligundua kwamba programu ya mishahara, kabla ya kuandika jina la kila mfanyakazi, ilikiita kiini na kukiuliza saa ngapi. Ikishajibiwa, ilikuwa hailitumii jibu hilo popote. Aliyeiandika alikwishaacha kazi, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza alitaka nini. Anatoli akaliondoa swali lile, na kuanzia hapo mishahara ikawa inatoka mapema. Hakuna aliyemshukuru, maana mtu akilipwa siku yake haoni kama pametokea jambo. Lakini mwezi ule wa majaribio, alipokuwa bado anausimamisha kila wito ili auchunguze, mishahara ilichelewa sana, na hapo shirika zima lilimjua kwa jina.

Alikuja likizo Oktoba mwaka 1978. Alishuka Ngara akiwa na blanketi la kumpelekea mama yake na mkebe wa majani ya chai, akitegemea kukaa wiki chache, ale ndizi na maharage, kisha arudi. Siku hizo hizo majeshi ya Uganda yakavuka mpaka upande wa Kagera. Mabasi yakachukuliwa kubeba askari, malori nayo yakachukuliwa, na hata gari bovu lililokuwa limeegeshwa Biharamulo kwa muda mrefu lilitengenezwa likaenda vitani. Anatoli alipeleka simu ya maandishi ofisini kwake. Akajibiwa akae hapo hapo alipo mpaka usafiri utakapopatikana. Akakaa. Kwa mama Deodata vita ilikuwa imemletea mtoto nyumbani, jambo ambalo aliona si vizuri kulifurahia hadharani.

Sasa, kijiji chetu wakati huo kilikuwa cha nyumba zilizopangwa mstari kando ya barabara, kama tulivyopangwa wakati wa operesheni ya vijiji, isipokuwa wachache wa milima ya mbali waliokuwa bado wanajitetea kwamba wanakuja. Katikati palikuwa na ofisi ya kijiji, na kando yake duka la kijiji. Duka lilikuwa na chumba kimoja na dirisha moja lenye nondo. Sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viberiti na sigara vyote vilikuwa ndani, na hakuna mwanakijiji aliyeruhusiwa kuingia. Ukitaka kitu unasimama dirishani, unamwambia Scholastika, unangoja.

Scholastika Nyirabahizi alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kabla ya duka alifundisha kisomo cha watu wazima, na alikuwa bado na tabia ya kumngoja mtu amalize sentensi yake hata kama sentensi yenyewe haiendi popote. Hakuwa ameolewa. Alisema waliokuja kumposa walizungumza na shangazi yake kwa muda mrefu sana na yeye kwa muda mfupi sana. Nyuma yake rafuni palikuwa na saa ya ukutani na redio ya kijiji, ambayo betri zake zilihifadhiwa kama dhahabu.

Foleni ya dirisha lile ilianza alfajiri na jioni ilikuwa bado ipo. Watu waliweka mawe kushika nafasi, wakaenda kupalilia, wakarudi, wakakuta jiwe limesogea hatua chache tu. Manung'uniko yakawa mengi. Wengine walisema Scholastika ni mzito wa mikono. Wengine walisema ana sukari ameificha. Maneno hayo yalimfikia mwenyekiti wa kijiji, Leonidas Minani, mtu mnene, mpole, mpenda mikutano na mpenda sigara. Alikuwa amesikia kwa mama Deodata, ambaye sasa alikuwa ameelezwa upya, kwamba kazi ya kijana wake ni kutafuta kwa nini mambo yanachelewa. Akamwita ofisini.

"Nasikia huko Dar unatafuta nani anachelewesha," alimwambia.

"Natafuta muda unapotelea wapi, Ndugu Mwenyekiti. Mara nyingi si mtu."

"Basi utafute unapotelea. Ukikuta ni mtu, niambie pia."

Anatoli alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alikuwa amekaa bila kazi mpaka ameanza kuhesabu migomba ya mama yake. Kesho yake alisimama mbele ya foleni, hatua moja kabla ya dirisha, na kila aliyefika akamsimamisha. Akamuuliza anataka nini, amefika saa ngapi, amesubiri muda gani, na kama kuna jambo jingine. Hilo la mwisho lilikuwa kosa kubwa. Watu waliokuwa wamekaa juani tangu asubuhi walikuwa na mambo mengine mengi.

Mzee Luhende ndiye aliyemmaliza. Luhende alikuwa Msukuma aliyehamia kwetu kutoka Biharamulo na ng'ombe wake, akakaa mlima wa mbali, na sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri. Anatoli alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa utaratibu kamili, na kwa heshima akamuuliza shida yake. Mzee akaeleza kwamba amekuja kwa chumvi, kwamba chumvi ni ya ng'ombe, kwamba ng'ombe mmoja ana tabia ambayo hajawahi kuiona, na kwamba angependa kujua "ledio" imesema nini kuhusu vita. Alipomaliza, jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa duka.

Jioni Scholastika alifunga dirisha akiwa amehudumia watu wachache kuliko siku yoyote tangu duka lifunguliwe. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia Anatoli kwa upole kwamba akimuuliza swali jingine atampiga kwa chupa ya mafuta ya taa, na kwamba asiogope mafuta kumwagika kwa sababu chupa haina kitu. Mama Deodata naye alikuwa kwenye foleni ile. Mtu alipomuuliza kama yule si mwanawe, alijibu kwamba macho yake siku hizi hayaoni mbali.

Usiku ule Anatoli alijiona mjinga, kwa sababu hilo kosa alikwishalifanya kule kwenye mishahara. Ukimsimamisha kila anayeita ili umchunguze, mwisho unachopima ni usumbufu wako mwenyewe. Kule dawa yake ilikuwa kukaa ndani ya kiini chenyewe, kuweka alama ndogo wito unapopita, na kuuacha upite. Kwa hiyo ilimbidi aingie dukani.

Alimwendea Scholastika kabla hajafungua. Alimweleza kila kitu, pamoja na programu ya mishahara na lile swali la saa, na Scholastika akamngoja amalize.

"Ukae humu mchana kutwa na mimi?" aliuliza. "Watu watasema nini?"

"Watasema unachunguzwa."

"Hilo ndilo baya zaidi."

Lakini naye alikuwa amechoka kuitwa mwizi wa sukari. Akakubali kwa masharti. Anatoli atakaa nyuma ya magunia ya chumvi asikoonekana, hatasema neno, na mafuta ya taa yakiletwa ni yeye atakayenyanyua mapipa. Anatoli akakubali yote, hata la mapipa, ambalo baadaye lilimuumiza mgongo.

Kuandika kulikuwa kunamkawiza, na nyuma ya magunia palikuwa na giza. Akamwomba mama yake maharage. Mama Deodata alimpa maharage ya mbegu kwa shingo upande, akamwambia yarudi yote, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Mpango ukawa hivi: mtu akinunua kitu, punje nyekundu inaingia koponi. Akiuliza saa, nyeupe. Akiuliza habari za vita, nyeusi. Zilibaki za madoadoa, na hizo Anatoli hakujua za nini mpaka siku ya kwanza ilipoanza. Mlango wa uani ulikuwa ukifunguliwa kila mara, mtu akaingiza mkono, akaomba sigara moja, akapewa na kuondoka. Scholastika alikuwa akimwacha anayehudumiwa dirishani, anageuka, anafungua pakiti, anatoa moja, anaandika, anarudi, na kumkuta wa dirishani amesahau alichotaka. Mkono ule ulikuwa mnene na una saa ya mshale iliyosimama. Anatoli akautengea kopo lake dogo na punje za madoadoa.

Kazi iliendelea vizuri mpaka kuku wa mwenyekiti alipoingia kwa mlango ule ule na kula sehemu kubwa ya asubuhi. Anatoli hakuweza kumfukuza kwa sababu alikuwa ameahidi kutosema neno. Alimtazama akidonoa punje za watu waliouliza saa, akanyoosha mguu kumsukuma, gunia la chumvi likacheza, na mama aliyekuwa dirishani akaona macho ya mtu kati ya magunia.

Wakati huo redio ilikuwa ikituonya tujihadhari na wapelelezi. Yule mama hakupiga kelele. Alichukua sabuni yake, akaenda moja kwa moja kwa Nyandwi.

Nyandwi alikuwa kamanda wa mgambo wa kijiji. Alikuwa ameomba kwenda mstari wa mbele, akaambiwa abaki alinde nyumbani, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja kitu cha kulinda. Alilizunguka duka na vijana wake wenye bunduki za mbao. Akamwamuru aliyejificha atoke, mikono juu. Anatoli alitoka na mikono juu, na katika mkono mmoja alishika kopo, kwa hiyo maharage yakammwagikia kichwani.

Walimpeleka ofisini. Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa ameenda mkutano wa kata, na hakuna mtu mwingine aliyejua vizuri makubaliano yao. Nyandwi alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti akaanza kumhoji. Alimuuliza anafanya nini mle ndani.

"Nafuatilia miito," Anatoli alijibu.

"Miito ya nani?"

"Ya yeyote anayekiita kiini."

Nyandwi aliwatazama vijana wake. Akauliza taratibu, kama mtu anayekaribia samaki, huyo Kiini ni nani.

"Kwa hapa kijijini," Anatoli alisema, maana alikuwa mtu asiyejua kusema uongo hata pale unapofaa, "ni Scholastika."

Basi wakatumwa vijana kumkamata Scholastika pia. Haikuwa lazima. Alikuwa ameshafunga duka na anakuja mwenyewe kwa miguu, na foleni nzima inamfuata nyuma, kila mtu katika nafasi yake, maana hakuna aliyetaka kuipoteza. Foleni ikasimama mlangoni mwa ofisi. Scholastika hakumwamkia Nyandwi.

"Kamanda," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "asubuhi umekuja dirishani ukaniuliza saa ngapi. Nikakujibu. Umerudi kuniuliza kama ile saa niliyokujibu ni ya kweli. Halafu umemtuma kijana aje aulize tena. Huyu bwana ana punje zenu humo koponi, kama kuku hajazila. Kama huo ni upelelezi, mfunge, na mimi nitaendelea kukujibu saa mpaka vita iishe."

Foleni ilicheka kuanzia mbele mpaka nyuma, huku wa nyuma wakicheka kabla ya kuelezwa. Nyandwi alimwachia Anatoli. Alimpa pia kijana mmoja amsaidie kuokota maharage, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, baada ya muda aliinama akaokota na yeye.

Mwenyekiti aliporudi aliitisha mkutano wa kijiji. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Anatoli alitandika mkeka, akamwaga makopo, akatenganisha maharage kwa rangi. Alieleza bila madoido. Rundo jekundu, la watu waliokuja kununua kitu, lilikuwa dogo, ungeweza kulifunika kwa kikombe. Rundo jeupe, la waliouliza saa, lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko hilo. Wengi wao walikuwa vijana wa mgambo, waliokuwa wakiadhibiwa wakichelewa gwaride. Rundo jeusi, la habari za vita, lilikuwa kubwa kuliko yote, na kila punje yake ilichukua muda mrefu, kwa sababu Scholastika alimsimulia kila mtu taarifa nzima tangu mwanzo, na waliokuwa na watoto jeshini aliwasimulia mara mbili.

Kila mmoja wetu alikuwa ana punje zake kwenye rundo lile na alikuwa anazitafuta kwa macho.

"Kwa hiyo si mzito wa mikono," mtu mmoja alisema mwishowe.

Anatoli alisema hapana, mikono ya Scholastika ni myepesi kuliko mashine aliyokuwa akiichunga yeye.

Mwenyekiti aliridhika, akakohoa, kisha akaona kopo dogo ambalo lilikuwa bado halijamwagwa. Akauliza hilo ni la nini. Anatoli alijaribu kulisogeza nyuma ya mguu wake. Alisema hilo si muhimu sana, ni la mtu mmoja anayepita mlango wa uani kuomba sigara moja moja, na ni kweli kila mara anaikatisha huduma ya dirishani, lakini hakuna haja ya kumtaja. Watu wakaanza kutazama vitu vingine. Wapo waliotazama paa la ofisi, wapo waliotazama vidole vya miguu yao. Pale kijijini wavuta sigara walikuwa wachache, na aliyekuwa na ruhusa ya kupita uani ni mmoja.

Leonidas Minani alilitazama kopo. Kisha akasimama, akarekebisha koti, akasema kwa sauti ya kikao kwamba mtu huyo, yeyote awaye, kuanzia leo anunue pakiti nzima na apange foleni, na kama hilo litamshinda basi aache kuvuta. Akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Tulipiga makofi ya kweli, na nadhani siku ile alipata heshima ambayo mikutano yake yote ya nyuma haikumpa.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Saa ilitundikwa nje, juu ya dirisha. Redio iliwekwa kizingitini wakati wa taarifa ya habari, sauti juu, kila mtu asikie mwenyewe. Foleni iliyokuwa ikikaa kutwa ikawa inaisha kabla ya mchana. Anatoli akawa mtu wa kualikwa. Alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, katika kila nyumba ya mstari ule, na mama Deodata akaanza kuona mbali tena.

Furaha ile ilidumu mpaka lori la sukari lilipokuja. Kwa sababu ya vita lilikuwa linakuja kwa nadra, na likija linaleta kidogo. Safari hii sukari iligawiwa haraka kama ambavyo haijawahi kugawiwa, na umande ulikuwa haujakauka vizuri ilipokwisha. Mchana mzee Luhende akafika kutoka mlimani, anatembea polepole na fimbo yake, na nyuma yake wenzake wa mbali. Walikuta dirisha limefungwa na wenye nyumba za barabarani wanakunywa chai.

Luhende hakugomba. Alikaa kwenye jiwe akamwita Anatoli.

"Mwanangu, zamani nilikuwa nachelewa, na foleni nayo imechelewa, tunakutana," alimwambia. "Sasa foleni yako inawahi. Mimi je?"

Anatoli alikaa chini kando ya yule mzee na, kama alivyomwambia Scholastika baadaye, alijisikia vibaya kuliko siku ile ya bunduki za mbao. Alikuwa amedhani tatizo ni dirisha. Uzito wa dirisha ulikuwa unaficha tatizo kubwa zaidi, kwamba sukari haitoshi na lori haliji, na bila mtu yeyote kupanga, uzito ule ulikuwa umewatunzia wa mbali haki yao. Mwenyekiti alipomwita tena na kumtaka sasa afuatilie lori, alimjibu kwamba lori liko vitani na yeye hana maharage ya kutosha.

Aliyelitatua ni Scholastika, wala hakuitisha mkutano. Lori lililofuata lilipokuja alipima sehemu ya watu wa milimani, akaifungia kwenye debe, na kila aliyeiomba asubuhi alimwambia debe lile lina chumvi mbaya. Mchana Luhende alipofika chumvi mbaya ikageuka sukari. Watu wa barabarani walijua ndani ya muda mfupi, lakini hakuna aliyekuwa na uso wa kulalamika, kwa sababu kila mmoja alikuwa ana ndugu mlimani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Anatoli hakulipima. Siku moja alimkuta Scholastika ameshika tama dirishani. Hakukuwa na mtu. Akamuuliza kama ni mgonjwa. Alijibu kwamba tangu saa na redio vitolewe nje, watu wanachukua chumvi yao na kwenda. Hakuna anayemwambia mtoto ameamkaje. Zamani alikuwa anachoka, lakini alikuwa anachoka na watu.

Kuanzia hapo Anatoli akawa anapita dukani. Asubuhi alinunua kiberiti. Mchana alinunua kiberiti kingine, ingawa mama yake alipikia moto usiozimwa. Viberiti vilipoanza kuonekana vingi mno nyumbani, alibadilisha. Alisimama dirishani, akainamisha kichwa kwa adabu, akauliza saa ngapi.

Scholastika alimtazama, akatazama juu.

"Saa si hiyo hapo juu ya kichwa chako?"

"Naiona."

"Sasa unauliza nini?"

Anatoli, mtu aliyewauliza watu maswali tangu utoto wake, safari hii alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Mwishowe alisema kwamba kuna jambo analotaka kuliuliza lakini jibu lake si la dukani.

"Basi usiliulize hapa," Scholastika alisema, na kwa mara ya kwanza hakumngoja amalize. "Nenda kwa shangazi yangu. Lakini kabla ya kwenda kwake, jua kwamba mimi nimekubali, usije ukazungumza naye mpaka jioni kama wale wengine."

Shangazi alikuwa bibi Febronia, mkali, na alimhoji Anatoli vizuri kuliko Nyandwi. Alitaka kujua kazi yake. Anatoli alieleza, safari hii kwa uangalifu, bila kutaja kiini. Bibi akauliza kama mtu anayefuatilia nani amemwita nani na kwa nini si ndiye polisi. Akajibiwa si polisi. Bibi akasema ni bahati mbaya, maana polisi wana pensheni, na akakubali hivyo hivyo.

Walifunga ndoa katikati ya mwaka 1979, vita ilipokwisha na magari yaliporudi, mengine yakiwa na matundu ya risasi. Vijana wetu wengi walirudi na wengine hawakurudi, na arusi ile ndiyo ya kwanza ambayo kijiji kilithubutu kuipigia ngoma. Nyandwi aliwapangia mgambo gwaride mbele ya kanisa. Mzee Luhende alileta ndama, akasema ni mtoto wa yule ng'ombe mwenye tabia, na wasishangae.

Anatoli alimchukua mkewe Dar es Salaam, wakakaa miaka michache. Scholastika hakuupenda mji ambako watu wanapita mlangoni bila kusema neno. Walipopata mtoto wa pili walirudi huku, safari hii Biharamulo, upande wa Bisibo, na Anatoli akawa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi walimpenda na walimchoka. Mama Deodata alihamia kwao akiwa mzee, akafuga kuku uani na kuwaamuru wote, pamoja na mkwewe.

Jioni zake Anatoli alifuga nyuki, kwa kuwa asali ya misitu ya Biharamulo ina soko. Mwaka mmoja mzinga wake mmoja ulitoa asali kidogo kuliko mingine, na yeye akataka kujua kwa nini. Alikaa karibu nao mchana kutwa, kimya, akitazama nani anatoka na nani anaingia. Nyuki walimvumilia mpaka alipopiga chafya. Alirudi nyumbani akikimbia, uso umevimba mpaka macho hayaonekani, na Scholastika alimkalisha kwenye mkeka, akamtoa miiba mmoja mmoja kwa kucha, akicheka mpaka akalazimika kuacha ili ajifute machozi.